Dagaa wa Kigoma: Jina kubwa lisilo na mwenyewe

UKIPITA katika soko lolote kubwa la Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, hutakosa kumsikia mchuuzi akinadi dagaa wa Kigoma. Hasemi ni wakavu kiasi gani, wala walivuliwa lini. Anataja Kigoma tu, na bei inapanda. Pembeni yake kuna lundo jingine lisilotajwa mahali lilikotoka, nalo linauzwa kwa bei ya chini.

Ukurasa huu umezoea kumpa msomaji bei za wiki. Safari hii tunatazama kile kinachoifanya bei ya bidhaa moja iizidi ya nyingine ilhali zote zimekaa meza moja. Wataalamu wa biashara wanakiita chapa, yaani jina na sura ya bidhaa pamoja na imani ambayo mlaji ameiweka katika jina hilo. Kwa mizani hiyo, dagaa wa Kigoma ni miongoni mwa chapa kubwa za chakula hapa nchini, ingawa haijawahi kulipiwa tangazo.

Tatizo ni kwamba chapa hiyo haina mwenyewe. Mwandishi wa makala haya amewahi kununua jijini Dar es Salaam pakiti iliyoandikwa "Dagaa Kigoma" kwa herufi kubwa, akaifungua nyumbani na kukuta dagaa wembamba, weusi na wachungu, wenye mchanga. Pakiti hiyo haikuwa na jina la mtengenezaji wala anwani. Hapakuwa na wa kulalamikiwa, na lawama ilikwenda kwa Kigoma.

Jina linabeba nini

Kwanza tujiulize kama sifa hii ni ya kweli au ni maneno ya sokoni. Ni ya kweli, na sababu yake iko majini.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, ambazo wanasayansi wanaziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Zote ni za ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, ni samaki wa ukoo mwingine kabisa, na sehemu kubwa ya mavuno yake huishia katika vyakula vya mifugo. Ukoo tofauti, umbo tofauti na mafuta tofauti huleta ladha tofauti. Mlaji anayetoa shilingi zaidi kwa dagaa wa Kigoma ana hoja.

Samaki huyohuyo amesafiri na kubadilishwa jina. Warundi wanamwita ndagala. Limnothrissa walipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko wanajulikana kama sambaza au isambaza. Mwaka 1967 na 1968 walipandikizwa katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako biashara yao inakwenda kwa jina la kapenta. Kila jina limejenga soko lake. Kwa hiyo anayesema kwamba jina si kitu mradi samaki ni yuleyule, biashara yenyewe inampinga.

Somo la merikani pale Ujiji

Watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa habari ya chapa na mtu wa Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kutoka pwani, na mali iliyotembea zaidi ilikuwa nguo na shanga. Msafara uliobeba shanga za rangi isiyopendwa na watu wa mahali fulani ulikwama, kwa kuwa shanga zile zilikuwa ndizo fedha za kununulia chakula njiani. Uchaguzi wa rangi na umbo ulikuwa suala la kula au kulala njaa.

Nguo iliyotawala ilikuwa shuka nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts nchini Marekani. Watu waliiita merikani. Ilijipatia jina kwa uimara wake, na wanunuzi waliipapasa na kuikagua kabla ya kukubali. Vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, ya mwaka 1861 hadi 1865, ilivuruga upatikanaji wake, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi ya kuingia.

Angalia kilichotokea kwa jina. Halikufa pamoja na biashara ya Wamarekani. Liliendelea kutumika kwa shuka yoyote ya aina ile, hata iliyofumwa kwingine kabisa, mpaka likaingia katika kamusi kama jina la kitambaa. Waliojenga sifa walikuwa wengine, na waliovuna baadaye wakawa wengine. Jina lisilolindwa huhama bila kumuaga mwenyewe.

Hatari hiyo ndiyo inayolikabili neno Kigoma leo. Likiendelea kubandikwa kila pakiti, siku moja litakuwa na maana ya "dagaa wakubwa kidogo" tu, na tofauti ya bei itafutika.

Usanifu unaanzia kwenye kichanja

Wafanyabiashara wengi wakisikia neno usanifu hufikiria nembo ya rangi na kijana mwenye kompyuta. Nembo ina nafasi yake, ila huja mwishoni. Kazi ya kwanza ya usanifu wa dagaa hufanyika ufukweni, katika mialo kama Kibirizi na Katonga, pale akina mama wanapoamua dagaa waanikwe juu ya nini.

Desturi ya muda mrefu ilikuwa kuwamwaga mchangani. Mchanga haugharimu kitu, lakini hugandamana na dagaa, mvua ikinyesha mali huoza, na kuku na mbuzi hupita juu yake. Kichanja ni meza ya miti iliyotandikwa wavu, kimo cha mita moja hivi. Upepo hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, na mvua ikitishia hufunikwa kwa turubai. Huo ni usanifu kamili: umbo limebuniwa ili kuondoa kasoro ambayo mlaji huilalamikia kila siku.

Ng'ambo kidogo ya mpaka, nchini Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza kueneza vichanja vya namna hiyo mwaka 2004 katika vijiji vya pwani ya ziwa hilohilo, Mvugo na Muguruka vikiwamo. Kwa mujibu wa FAO, kilo moja ya dagaa wakavu iliyouzwa faranga 4,000 za Burundi mwaka 2004 ilifikia faranga 9,000 mwaka 2013. Msomaji makini atasema kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei, naye hajakosea. Hata hivyo, dagaa wasio na mchanga hupata mnunuzi ambaye wale wa mchangani hawampati kabisa, yaani duka la kisasa, hoteli na mama mwenye haraka ya kupika.

Mkoani Kigoma FAO imeendesha mradi wa FISH4ACP, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na Ujerumani, unaolenga mnyororo mzima wa dagaa na migebuka. Miradi huja na kuondoka. Kitakachobaki ni mazoea ya kila kikundi kukataa kuchanganya dagaa wa kichanja na wa mchangani katika gunia moja. Ukiwachanganya, umeuza wote kwa bei ya mchangani.

Kifungashio ni muuzaji asiyelala

Baada ya kichanja ndipo tunafika kwenye pakiti. Hapa ndipo wajasiriamali wengi hupoteza fedha, na mara nyingi sababu ni kubana gharama mahali pasipostahili.

Dagaa wa Kigoma wana mafuta, na mafuta ya samaki yana maadui watatu: hewa, mwanga na unyevu. Vikiingia, dagaa hugeuka manjano na kutoa harufu kali. Mfuko mwembamba unaopenyesha mwanga humridhisha mlaji kwa siku chache, kwani anaona anachokinunua, kisha huiharibu bidhaa rafuni. Mfuko mzito usioonyesha kitu huhifadhi vizuri, lakini mlaji aliyewahi kuuziwa mchanga hataununua akiwa amefumba macho. Suluhisho linalotumiwa na wengi ni mfuko mzito wenye dirisha dogo. Mlaji anapata uhakika, na mwanga unapungua. Tukumbuke pia kwamba tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, hivyo kufungia bidhaa katika vimfuko laini visivyo na lebo ni kujitafutia kesi pamoja na hasara.

Tufanye hesabu ndogo. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei za soko za wiki hii.

Mama mmoja ananunua kilo moja ya dagaa kwa sh. 20,000. Akichambua na kutoa vumbi na waliovunjika, anabakiwa na gramu 900, ambazo anazifunga katika pakiti 9 za gramu 100. Kifungashio na lebo ni sh. 400 kwa kila pakiti, jumla sh. 3,600. Kazi ya kuchambua ni sh. 2,000, usafiri na mengineyo sh. 1,400. Gharama zote ni sh. 27,000. Akiuza kila pakiti dukani kwa sh. 3,500 atapata sh. 31,500, na faida ni sh. 4,500.

Sasa tuseme mfuko ule wa sh. 400 ni dhaifu, na duka likarudisha pakiti 2 zilizogeuka rangi. Mauzo yanashuka hadi sh. 24,500. Faida imetoweka na badala yake kuna hasara ya sh. 2,500. Kama angeongeza sh. 100 katika kila mfuko na kupata ulio bora, gharama zingefika sh. 27,900, pakiti zote 9 zingeuzwa, naye angebaki na sh. 3,600 mkononi. Kwa kuokoa sh. 900 za vifungashio, amepoteza mauzo ya sh. 7,000. Kila mjasiriamali aiweke hesabu hii kwa bei zake mwenyewe kabla ya kwenda kwa mchapishaji.

Lebo nayo ina wajibu wa kusema mambo ya lazima: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na namna ya kuhifadhi. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mjasiriamali mdogo anashauriwa kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa, kwa sababu barua ya utambulisho ya SIDO humfungulia mlango wa huduma za TBS kwa unafuu. Anayetaka kuingia maduka makubwa atahitaji pia msimbo wa mistari. Kwa miaka mingi bidhaa zetu zilibeba misimbo iliyosajiliwa nchi za jirani. GS1 Tanzania ilianzishwa mwaka 2011, na namba za Tanzania huanza na 620.

Kuhusu picha ya nembo, ushauri ni mmoja: achana na samaki wa kuazima. Pakiti nyingi zina picha ya samaki wa baharini iliyochukuliwa popote. Kigoma ina picha zake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua na betri, na usiku wa giza taa hizo huonekana kutoka ufukweni kama mji uliojengwa juu ya maji. Kuna kichanja, kuna mtumbwi, kuna milima ya Kongo ng'ambo. Mlaji hawezi kuchanganya sura hiyo na ya ziwa jingine.

Nani atalimiliki jina

Tunarudi kwenye swali la mwenyewe. Jina la mahali ni la watu wote wa mahali hapo, hivyo mtu asitarajie kwenda BRELA na kutoka akiwa mmiliki pekee wa neno Kigoma. Anachoweza kusajili ni alama yake, yaani jina alilolibuni na mchoro wake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Pakiti ikiandikwa alama hiyo kwa herufi kubwa na maneno "Dagaa wa Kigoma" chini yake, mlaji hujifunza kuitafuta alama. Mwigaji akiiga, kuna mtu wa kumshtaki.

Njia ya pili ni ya pamoja. Duniani kuna mfumo wa viashiria vya kijiografia, ambao humruhusu kutumia jina la mahali yule tu aliyetimiza masharti ya mahali hapo. Ndivyo jina Champagne linavyolindwa na Wafaransa. Zanzibar inautambua mfumo huo katika Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008. Kwa Kigoma, hatua inayowezekana leo bila kusubiri sheria ni vyama vya wachakataji kukubaliana masharti machache, kwa mfano dagaa wa ziwa hili pekee, waliokaushwa juu ya kichanja na wasiochanganywa, kisha kuwa na muhuri mmoja wa ubora. Aliyekiuka anyang'anywe muhuri. Bila adhabu hiyo, muhuri utakuwa karatasi ya kupamba.

Chapa pia ni ahadi ya kupatikana. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa husimama, na mwaka 2024 Serikali ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayekausha vizuri na kufunga vizuri anaweza kuweka akiba ya kuvukia kipindi kama hicho. Wa mchangani hawezi, na mteja wake huhamia kwingine.

Duka katika kiganja

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Zamani umbali huo ulimfanya mzalishaji asimwone kamwe mlaji wake. Alimwachia dalali gunia, naye dalali ndiye aliyeijua bei ya huko. Simu ya kiganjani imefupisha safari. Mama wa Katonga anaweza kuonyesha mali yake kwenye WhatsApp au Instagram asubuhi na kupokea oda kabla ya adhuhuri.

Kuonyesha tu hakutoshi, kwa sababu mnunuzi wa mtandaoni ana hofu moja kubwa, ya kutapeliwa. Kila kitu kisanifiwe kuondoa hofu hiyo. Picha iwe ya mali halisi, ya leo, iliyopigwa kwenye mwanga wa asubuhi. Video fupi ya dagaa wakigeuzwa kichanjani ina nguvu kuliko maneno mengi ya sifa. Uzito na bei viandikwe wazi, pamoja na gharama ya kusafirisha. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa simu lilingane na jina lililo kwenye pakiti, maana mteja akiona jina geni hapo ndipo anapositisha malipo. Na rangi na nembo ziwe zilezile katika pakiti, katika simu na katika bango la dukani. Anayebadilisha sura kila mwezi analazimika kujitambulisha upya kila mwezi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dagaa wa Kigoma wamethibitisha nusu ya kwanza ya methali kwa miaka mingi. Wamejiuza wenyewe, bila tangazo, kuanzia ufukweni hadi mwisho mwingine wa reli. Lakini fedha ya sifa hiyo imekuwa ikibaki kwa yule wa mwisho aliyeshika mizani na kalamu ya kuandikia pakiti. Vyama vya wachakataji wa Kibirizi, Katonga na Ujiji vina kichanja na vina samaki. Kilichosalia ni kalamu hiyo ishikwe Kigoma.